Ahmada na Kibali cha Kubeba Taka

Mesquite, Texas,
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Bi Mwanabaraka,
Kibokoni, Mombasa.

Mpendwa Shangazi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo.

Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na presha, bado unakwenda kuipima kwa yule daktari wa Makadara, au umerudi kwenye vitunguu saumu vyako? Nakuuliza kwa moyo safi, ingawa nina hasira nawe, na hasira yenyewe utaiona huko mbele. Afya yako kwanza.

Sisi ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Watoto wanasoma. Salamu zako nimewapa, wakaitikia kwa Kizungu kama kawaida yao. Usiudhike, hata mimi mama yao hunijibu vivyo hivyo. Baridi ndiyo inaanza, na asubuhi kioo cha gari huwa kimeganda.

Barua hii anakuletea Kanana, nesi ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Ni Mmeru, mtu wa kanisani, mpole sana. Mpe chai na mahamri, na tafadhali usimhoji, maana hajui lolote. Nimeandika kwa mkono kwa sababu wewe ukipigiwa simu waweka spika, na kina mama wote wa barazani wasikiliza. Soma mwenyewe na miwani yako. Usimpe mtu akusomee.

Ujumbe wako wa juma lililopita nimeupata. Umesema Ahmada amekuwa kimya tangu mwezi wa nane, na ati ni mimi niliyemfungia asizungumze na kwao. Umesema pia aachane na habari za kukata miti, aende Houston akafanye kazi kwa nduguye Abdulbasit, kwenye kampuni ya usafirishaji, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya heshima. Shangazi, ujumbe huo niliusikiliza mara tatu nikiwa jikoni. Mara ya tatu mchuzi wangu ukaungua.

Basi nami nitasema yangu, na utanistahamilia, kwa sababu miaka kumi na mitatu nimekustahamilia wewe.

Kwanza uijue kazi ya mwanao, maana sidhani kama umewahi kumuuliza. Ahmada hupanda mti kwa kamba, msumeno wa mashine umening'inia kiunoni, akaanza kukata kuanzia kileleni. Kila tawi hulifunga kamba na kuliteremsha polepole, lisije likavunja paa la mtu. Nimeshamwona juu ya mwaloni mrefu kuliko msikiti wenu, ametulia tuli, anamwelekeza aliye chini kwa mkono tu. Wazungu wa mtaa hutoka na viti vyao kuja kumtazama. Kazi ile hakuna anayeiweza hivihivi.

Lakini mti ukishakatwa, lazima uondoke uani kwa mwenye nyumba. Hapo ndipo serikali inapoingia. Tawi likiwa juu, ni mti. Likianguka chini, bado ni mti. Likipakiwa kwenye trela likatoka barabarani, linaitwa taka, na anayelibeba lazima awe na kibali cha kubeba taka. Hivyo ndivyo sheria ya mji anakofanyia kazi ilivyo, na sikuitunga mimi. Zamani alipokuwa ameajiriwa, kibali kilikuwa cha tajiri wake. Alipoanza kujitegemea mwaka juzi, hakuna aliyemkumbusha.

Aliyemkumbusha ni Élysée, Mkongo wa Bukavu anayekaa Vickery Meadow, naye hukata miti. Ilikuwa mwezi wa pili mwaka huu. Alimletea fomu mwenyewe mpaka mlangoni, akamwambia ajaze upesi kabla ya msimu wa dhoruba, kwa kuwa dhoruba ikipita kazi huwa nyingi na wakaguzi nao huwa wengi. Nikaijaza mimi, kwa sababu makaratasi ya nyumba hii yote ni juu yangu. Ikabaki sahihi tu. Ahmada akaisoma juu, pale palipoandikwa mbeba taka, akacheka kidogo. Akasema ataitia sahihi Ijumaa akirudi msikitini.

Sasa sikiliza, na hapa kosa la kwanza ni langu. Nalikiri. Alhamisi ile nilikupigia simu kukuuliza hali, na katika kupiga soga nikakwambia kwa mzaha kuwa serikali ya huku sasa inamwita mwanao mbeba taka. Nilidhani utacheka nami, yaishe. Ulicheka kweli. Na baraza yako ikacheka, niliwasikia.

Kufika asubuhi ya siku ya pili, kundi la familia kwenye simu lilikuwa limejaa. Abdulbasit akatuma sauti kutoka Houston, akimwambia kakake kwamba kama ni kuzoa taka angebaki Mombasa tu, kwani tunazo za kutosha. Watu wakaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Jamaa ambao hata Idi hawatusalimu, siku hiyo walijitokeza. Kisha ukaja wewe. Ulichosema nakikumbuka neno kwa neno, na Ahmada anakikumbuka zaidi: "Usije ukatia sahihi jambo hilo. Babenu alikufa karani wa bandari, hakufa mzoa taka."

Shangazi, wewe ndiye uliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mimi ninaweza kumwambia jambo mwezi mzima, likampita. Wewe ukisema mara moja, limekwisha. Ijumaa hiyo alirudi msikitini, akaichukua ile fomu akaitia ndani ya kabati la vyombo, chini ya masinia. Nikamuuliza. Akanijibu kwamba yeye ni fundi wa miti, na habari za taka nisimtajie tena.

Ukimya wake ulianza siku hiyo. Hukuusikia kwa sababu alikuwa bado anakupigia simu.

Dhoruba ya mwezi wa tano ilipokuja, miti ilianguka kila mtaa, na Ahmada alifanya kazi mpaka mikono ikamtoka malengelenge. Bila kibali hakuweza kwenda kumwaga jaani, maana mwaka huu kule getini wameanza kukiuliza. Akawa anarundika kwenye kiwanja alichokodi. Magogo mazuri aliwagawia watu. Unajua harusi za watu wetu huku: hata mtu awe na jiko la namna gani, pilau ya harusi lazima ipikwe uani kwa kuni, kwenye masufuria makubwa. Basi familia zote za pwani zilijua kuni ziko kwa Ahmada, na hakuchukua kitu kwa mtu. Alisema ni sadaka. Na katika akili yake akajipangia hivyo: kinachopikia pilau ya harusi hakiwezi kuitwa taka.

Siku ya kumi na sita ya mwezi wa nane akasimamishwa na mkaguzi wa mji. Pikapu ilikuwa inavuta trela, trela limejaa. Mkaguzi akamuuliza swali moja tu, kama amebeba taka. Élysée alikuwa pembeni yake ndani ya gari, anasema alimkanyaga mguu ili aseme ndiyo, aombe msamaha, apewe siku za kutafuta kibali. Mwanao akajibu kwamba hapana, hizi ni kuni za harusi.

Na ni kweli, Shangazi, ndilo jambo linaloniumiza. Palikuwa na harusi Cedar Hill Jumamosi ile, na magogo manne yalikuwa ya harusi. Hakudanganya. Lakini juu ya magogo manne palikuwa na majani, vijiti, mizizi yenye udongo, na ua wa mbao mbovu alioombwa na mwenye nyumba auondoe. Mkaguzi akafungua, akatazama, akaandika kwamba huyu mtu ametoa maelezo ya uongo. Akauliza anakokwenda kumwaga. Wakaenda naye, wakakikuta kile kiwanja na marundo yake.

Pikapu, trela na mashine ya kusaga matawi vyote vilichukuliwa siku ile ile. Ahmada alirudi nyumbani kwa miguu kutoka kituo cha basi, amebeba kamba zake begani. Akaoga, akaswali, akalala na viatu vya kazi vikiwa mlangoni. Hakuniambia mpaka kesho yake, na mimi nilikuwa nimeshaambiwa na Élysée.

Tangu hapo anakwenda kumsaidia Élysée. Anayepanda ni Élysée. Ahmada husimama chini kushika kamba na kukusanya majani. Siku moja niliwapelekea chakula, nikamwona anazoa vijiti kwa reki huku kofia yake ngumu iko kichwani, ya nini sijui. Élysée hana dharau, mtu mwema kabisa. Alinivuta kando akaniambia: "Dada, mie niko nayo ile karatasi tangu miaka mbili, na batoto banakula. Umwambie." Nilimwambia. Nikaonekana adui.

Sasa nije kwa Abdulbasit, na hapa ukae vizuri.

Mwezi wa tisa nilikwenda Houston kwenye akika ya mtoto wake. Ahmada hakutaka kwenda, nikaenda na watoto kwa basi. Walitupokea vizuri, sitasema uongo. Nyumba nzuri, mbuzi wawili, watu wengi. Ile picha aliyokutumia, amesimama na kanzu nyeupe mbele ya lango, ndiyo ya siku hiyo. Sasa mimi nikatoka mlango wa nyuma kwenda kutupa nepi, kwa maana mapipa yako nyuma ya gereji. Nikalikuta lori.

Lori lile ni la Abdulbasit. Ndani yake palikuwa na magodoro mabovu, makochi yaliyovunjika na matawi ya miti. Ubavuni limeandikwa jina la kampuni yake kwa rangi ya buluu, na chini ya jina ni namba ya kibali cha kubeba taka, cha mji wa kwao. Vyote vimeandikwa kwa herufi za kusomeka toka ng'ambo ya barabara. Rangi imeshapauka kwa jua, kwa hiyo si ya mwaka huu wala wa jana.

Nilisimama pale na nepi mkononi kama mjinga. Abdulbasit akanikuta. Hakukana. Aliinamisha kichwa, akaniambia kwa sauti ndogo: "Shemeji, nakuomba. Shangazi amejenga heshima yake yote juu yangu." Nikamuuliza mbona basi alimcheka kakake mbele ya ukoo mzima. Akasema kila mtu alikuwa akicheka, na yeye asingecheka wangemuuliza kwa nini.

Nilirudi nikamwambia Ahmada. Akampigia nduguye mbele yangu. Abdulbasit akaapa kwamba lori ni la mshirika wake, yeye huliegesha tu. Ahmada akakata simu akanitazama, akaniambia nisimchafue mdogo wake kwa sababu ya hasira zangu. Basi. Mke akasema kweli, ndugu akaapa, na nyumba yangu ikamwamini ndugu.

Kwa hiyo hiyo ndiyo kampuni ya usafirishaji, Shangazi. Anasafirisha taka. Ile safari ya Umra uliyopelekwa, ambayo ulitutumia picha sitini, ilitoka kwenye magodoro mabovu ya watu. Wala sisemi kwa kuidharau. Ni jasho la mtu, ni halali tupu, na Mungu aikubali. Nasema ujue tu kwamba ulipomwambia Ahmada kazi hiyo ni aibu, ulikuwa umevaa baibui iliyonunuliwa kwa kazi hiyo.

Na sasa unataka Ahmada aende kwake. Unajua atafanya nini huko? Atapanda nyuma ya lori na kupakia taka kwa kibali cha mdogo wake. Kazi ni ile ile uliyomkataza. Tofauti ni kwamba hapa angekuwa na jina lake na wateja wake na miti yake, na kule atakuwa kuli. Lakini kwa kuwa utaweza kusema barazani kwamba wanao wote wawili wako kwenye usafirishaji, utaridhika.

Samahani. Nimeandika hayo, na sitayafuta.

Mambo yamefika hapa: kikao cha kusikiliza kesi yake ni Alhamisi, tarehe nne ya mwezi wa kumi na mbili. Nilikwenda mwenyewe ofisini kwao kuuliza. Mama mmoja mwenye subira alinieleza kwamba akileta siku hiyo ombi la kibali lililotiwa sahihi, atapigwa faini na kurudishiwa vyombo vyake vyote. Asipoleta, vyombo vitauzwa kwa mnada, na miaka miwili hataruhusiwa kuomba. Bila vyombo Ahmada hana kazi. Fomu ni karatasi mbili. Imejazwa kila mahali tangu mwezi wa pili, ina alama ya sinia juu yake, na inakosa sahihi moja.

Nimembembeleza. Nimelia. Nimenyamaza siku tisa, jambo ambalo kwangu mimi ni muujiza, wewe unanijua. Imamu wetu alizungumza naye, akamwambia hakuna dhambi wala fedheha. Akamjibu imamu kwa adabu kwamba amesikia. Fomu iko pale pale.

Nilipofika hapa katika kuandika, ameingia. Kamba zake zilizokuwa zikining'inia gereji amezikunja, na amezitia ndani ya mfuko wa plastiki kama nguo za kugawa. Ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia Shangazi. Akasema: "Mwambie nimekubali. Nitakwenda Houston."

Nimekufikishia kama alivyosema, na sikuongeza neno. Hakusema kwa furaha, wala kwa hasira, na mimi ningependa angalau angekasirika. Sasa hivi yuko uani, nje ya dirisha langu. Kuna mti wa pekani wa jirani umeinamia upande wetu, una tawi kavu, na amesimama chini yake anautazama. Kila siku huutazama.

Shangazi, sitaki radhi zako, na sitaki uniombe msamaha. Sitaki hata uniamini juu ya Abdulbasit. Ukitaka, muulize, umwambie akutumie picha ya ubavu wa lori. Ninachotaka ni kitu kimoja. Kanana atakufikishia barua hii Jumamosi, na Jumapili umpigie Ahmada. Umpigie yeye, si mimi, na spika uizime. Usimsimulie habari ya babake. Usimwambie nimekuandikia nini. Mwambie tu: "Ahmada, mwanangu, tia sahihi." Ukiongeza zaidi ya hapo utaharibu.

Na kama utaona kukubali kwamba ulikosea ni kugumu kuliko kumpoteza, basi pia ujue hili. Nilimuuliza yule mama wa ofisini kama biashara inaweza kuandikishwa kwa jina la mke. Akasema inawezekana, akanipa fomu nyingine. Nimeijaza jana. Tarehe nne nitakwenda na moja kati ya hizo mbili, na gari litarudi. Lakini Ahmada hatapanda mti chini ya jina la mkewe, unamjua ulivyomlea. Gari litasimama mlangoni, nitalitazama mimi, na yeye atakuwa Houston anapakia magodoro. Kwa hiyo usidhani kibali changu kitatuokoa. Kitaokoa vyuma tu.

Nisalimie Bi Mwanakombo wa nyumba ya juu, na umwambie dawa yake ya miguu Kanana anayo. Nisalimie mzee Fumo na watu wake. Wale wa barazani wasalimie wote, hata waliocheka. Watoto wanakubusu mikono.

Mungu akupe uzima na akuzidishie umri, goti lako lipate nafuu, na Jumapili akufungulie ulimi.

Mimi mkaza mwanao, ambaye hata leo bado nakupenda,

Lubna